Henna Anaganda Kila Jumapili

Petäjävaara, 12 Oktoba

Mdogo wangu Sylvi,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi ni mzima ukiondoa goti, na nakuarifu kwamba mtandao wa kompyuta yangu sasa ndio wenye nguvu kuliko wote hapa kijijini. Nimeutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Picha ya mjukuu wangu Henna inakuja safi utadhani amesimama dirishani, na tunaongea mpaka yeye ndiye anaomba ruhusa akapike.

Nimesoma tena hayo niliyoandika na naona hata wewe huwezi kuyameza, kwa hiyo acha niseme. Hakuna mtandao. Upo, lakini ni kama Onni jirani yangu: ukimhitaji hayupo, usipomhitaji amekaa jikoni anakula mkate wako.

Habari za huku ni chache. Viazi nimevuna, vidogo lakini vingi. Uyoga mwaka huu umekataa. Mwanangu Pertti na mkewe wako Oulu, wanafanya kazi mpaka wanasahau majina yao. Ni yeye Pertti aliyeniletea hii kompyuta mpakato kiangazi. Aliiweka chumbani kwangu, akaiwasha, Henna akatokea kutoka kule Australia, tukacheka wote, Pertti akapanda gari akaenda. Kiangazi chote ilifanya kazi. Theluji ya kwanza ilipoanguka, nayo ikaanguka.

Inakuwa hivi. Jumapili saa nne asubuhi nimevaa shati safi, nimekaa. Henna anapiga. Naona uso wake, anasema "Babu, umeamkaje," halafu mdomo unabaki wazi, jicho moja limefumba, anaganda. Nasubiri. Vile vijistari vya mtandao pembeni vinapotea kimoja kimoja. Halafu kompyuta inaniambia nijaribu tena baadaye, kama karani wa serikali.

Usiniambie nitumie simu. Unajua msumeno wa mashine ulikula masikio yangu miaka yote ile msituni. Kwenye simu nasikia nyuki tu. Natakiwa nione midomo yake na nivae vile vya kuvaa masikioni.

Na sasa lipo jambo. Henna ana mimba, unajua, mtoto atakuja Januari. Ubatizo watafanyia nyumbani kwao na mchungaji wa Kifini wa kule, na sisi wa mbali tutaangalia kwenye kompyuta. Unajua desturi, jina halitamkwi mpaka maji yamemwagwa. Mimi nataka nilisikie jina la kitukuu changu likitoka mdomoni mwa mchungaji, wakati uleule linapotoka. Sitaki kuletewa na mtu limeshapoa. Hasa nisiletewe na Onni.

Ninyi wa huko Uswidi mna akili za mitambo. Nisaidie.

Kaka yako,
Tauno


Borås, 30 Oktoba

Kaka Tauno,

Nimepata barua yako, nimefurahi unacheka bado. Huku mvua tu. Nyonga yangu inaniambia mvua inakuja kabla ya redio. Ijumaa nilienda klabu ya Wafini kucheza bingo, nikashinda paketi ya kahawa, na yule mama wa Kuopio akanuna mpaka tulipofunga mlango.

Haya, kompyuta. Usiwe na haraka. Kwanza kile kisanduku cha mtandao kilichoko jikoni, chenye taa za kijani, chomoa waya wake ukutani. Kunywa kikombe cha kahawa taratibu, kisha chomeka tena. Mashine zikikaa zimewaka muda mrefu zinachanganyikiwa kama watu. Pili, kiweke mbali na oveni yako ya maikrowevu, maana hiyo inapiga kelele ambazo sisi hatuzisikii lakini mtandao unazisikia. Tatu, kisiwe chini sakafuni, kiweke juu.

Usimwite Onni akusaidie. Atavuruga.

Henna amekata nywele, zimeishia hapa kwenye taya. Zinampendeza, anafanana na mama yetu kwenye ile picha ya kanisani. Ila miguu inamvimba na joto la kule.

Vaa kofia ukitoka.

Sylvi


Petäjävaara, 9 Novemba

Sylvi,

Asante kwa barua. Ziwa limeshika barafu pembeni. Onni anakusalimu, nimekataa kukuandikia salamu zake zote maana nyingine hazifai.

Nywele gani.

Nimekaa na hilo neno wiki nzima. Mimi babu yake, niliyemfundisha kutia chambo kwenye ndoana akiwa hana meno ya mbele, nimeona nusu ya mdomo na jicho limefumba. Wewe shangazi wa babake, unayemjua zaidi kwa kadi za Krismasi, umeona nywele, umeona taya, umeona mpaka miguu. Miguu, Sylvi. Ili uone miguu lazima mtu ainuke, aende nyuma, ainyanyue. Hayo ni maongezi ya muda mrefu. Mnaongea kwa muda gani? Nijibu hilo.

Ushauri wako nimeufuata. Kile kisanduku nilikichomoa. Nilichomoa na kingine kwa bahati mbaya, na friji ikayeyuka mpaka Jumanne, tumekula samaki wote mimi na Onni kabla hawajaharibika. Maikrowevu nimeipeleka stoo. Kisanduku nimekiweka juu ya kabati, na kwa kuwa kule juu karibu na dirisha kuna baridi, nilikivika kofia yangu ya sufu. Kikapata moto, kikanuka. Nimekivua. Henna bado anaganda.

Sasa jambo la ajabu. Nikiichukua kompyuta nikaipeleka jikoni, inashika vizuri. Chumbani haishiki. Na chumba changu na jiko ni ukuta mmoja tu, nikikohoa chumbani Onni ananijibu jikoni. Utaniuliza, basi kwa nini usikae jikoni? Kwa sababu Jumapili jikoni kuna Onni. Nilijaribu mara moja. Henna alitokea, safi kabisa, na kabla sijafungua mdomo Onni ameshaingiza ndevu zake kwenye kioo: "Henna, binti yangu, unanikumbuka?" Anamkumbuka. Wakacheka. Akamhadithia habari za mbwa wake mwanzo mpaka mwisho, na mimi nimekaa pembeni namwaga kahawa kama mhudumu. Mwishoni Henna akasema, "Kwaheri, babu," na Onni ndiye akajibu.

Kwa hiyo nitabaki chumbani, mlango umefungwa, na joto langu. Tafuta dawa nyingine.

Na hujaniambia mnaongea kwa muda gani.

Tauno


Borås, 14 Desemba

Kaka,

Nisamehe nimechelewa. Nyonga, kisha maandalizi ya Krismasi klabuni, kisha posta yenyewe. Nimekutumia soksi na chokoleti kwenye kifurushi, usimpe Onni chokoleti.

Umefanya vizuri kutokaa jikoni. Mtu ana haki ya kuongea na wajukuu wake bila ndevu za jirani.

Tatizo lako nadhani liko ndani ya kompyuta yenyewe. Kuna kadi ndogo inayoshika mtandao, na kompyuta ina tabia ya kuizima ili iokoe chaji. Nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya umeme, uiambie isiizime. Ikikataa, iambie isahau mtandao wako kabisa, kisha uuingize upya na nywila, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Ikikataa tena, kuna programu ya hiyo kadi ambayo huenda imezeeka, inatakiwa ipakuliwe mpya. Fanya moja moja. Ukifanya yote pamoja hutajua ni ipi iliyosaidia.

Theluji imefika mpaka huku. Nimeweka mishumaa dirishani. Nyumba ni kimya, unasikia saa.

Mama yetu alikuwa anaweka iliki nyingi kuliko wewe unavyoweka kwenye ule mkate mtamu. Jaribu.

Krismasi njema, na mvuke wa sauna ya mkesha ukupashe vizuri.

Sylvi


Petäjävaara, 11 Januari

Sylvi,

Heri ya mwaka mpya. Soksi zimenienea. Chokoleti Onni aliinusa kupitia kifurushi. Pertti na mkewe walikuja Krismasi, wakala, wakalala, wakaenda. Nilimwomba Pertti aangalie kompyuta. Akaiangalia jikoni. Akasema, "Baba, mbona inafanya kazi?" Mwanangu huyo, ana diploma.

Mambo uliyoniagiza nimeyafanya yote, moja moja. Kadi nimeiambia isilale. Mtandao nimeusahau, nikausahau kweli, nywila nikakaa kuitafuta mpaka nikaikuta nyuma ya kalenda. Programu mpya imeingia. Henna akaganda kama kawaida.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili.

Baridi nje ilikuwa ile ya kukatika pua. Henna alipiga, akasema, "Babu, tazama," akaganda akiwa ameinama anachukua kitu. Nilijua anachukua nini. Mtoto alikuwa amezaliwa, Pertti alishaniandikia. Nikakaa naangalia utosi wa Henna, nywele zake fupi kweli, na mikono yake imeshika blanketi, na ndani ya blanketi sioni kitu. Nikangoja. Moto ukapungua kwenye jiko la kuni la chumbani, nikaona afadhali nikalete kuni kuliko kukaa namwangalia mtu utosi. Nikarudi nimekumbatia mzigo, mikono imejaa, mlango wa chumba nikaufungua kwa bega na sikuweza kuufunga.

Na Henna akainuka. Na blanketi likafunguka. Katoto kalikuwemo humo, kekundu, kanapiga miayo.

Nilitupa kuni chini. Nikaona baridi inaingia, nikaenda nikafunga mlango, na kule nyuma yangu mwayo ukasimama katikati. Nikafungua. Mwayo ukamalizika. Nikafunga, akaganda na ngumi moja juu. Nikafungua, ngumi ikashuka. Onni jikoni akasema, "Tauno, unapepea nini?" Nikamwambia afunge mdomo.

Ni mlango. Kiangazi uko wazi, mtandao unapita. Baridi naufunga, hakuna. Nikakaa kitandani naangalia kuta, na ndipo nikagonga mbao kwa kidole, nikakumbuka kilicho nyuma yake.

Wewe unakijua kilicho nyuma yake.

Kiangazi cha mwaka juzi ulikuja, tukatengeneza sauna upya. Ikabaki ile karatasi ya aluminiamu, inayong'aa kama ya kufungia chokoleti, ambayo kila mtu hapa anaibandika kwenye kuta za sauna ili joto lisitoroke. Nikasema kutupa ni dhambi, chumba changu nacho kina baridi, tuibandike humo, kuta nne na dari. Nilifikiri nimekuwa mjanja kuliko kijiji kizima. Wewe ulishika ncha moja ya lile bunda, mimi nikapiga pini. Nimejifunga ndani ya bati, Sylvi, kama sardini, na mtandao unabisha hodi nje.

Hilo ni kosa langu, nalikubali, mimi sina diploma. Lakini nimekumbuka na lingine. Tulipomaliza nilikupa wewe chumba kile, kwa kuwa kilikuwa kizuri. Na kila jioni ulitoka na simu yako ukaenda kukaa ngazini. Mbu walikula miguu yako mpaka ukapaka mafuta ya lami. Nilikwambia, "Si uongelee ndani?" Ukasema, "Humo ndani simu haishiki kabisa, Tauno, tangu ulipobandika lile dudu lako."

Ulisema hivyo kwa mdomo wako.

Umeniambia habari ya maikrowevu. Umeniambia habari ya kadi, ya chaji, ya nywila, ya herufi kubwa na ndogo. Umenizungusha kwenye kila kitufe cha mashine hii. Ukuta hukuutaja hata mara moja. Na kila Jumapili mimi nikikatika, najua sasa, Henna ana chai yake mkononi na hana wa kuongea naye, na anayefuata kwenye orodha yake ni nani?

Mnaongea kwa muda gani?

Tauno


Borås, 20 Februari

Tauno,

Nilianza barua hii mara kadhaa.

Huku theluji inayeyuka na kuganda tena, barabara ni kioo, sitoki. Mama wa Kuopio ameanguka, amevunjika mkono. Tunampelekea supu kwa zamu.

Tunaongea saa nzima. Wakati mwingine zaidi.

Ulitaka kujua, basi jua na hili. Akikukosa wewe anapiga kwangu, na neno la kwanza ni, "Shangazi, babu anakula? Babu ameanguka? Goti lake?" Nilikuwa namwambia ni mzima, na nalipitisha haraka, maana ningekufungulia mlango wewe tungemaliza muda wote tukimwongelea Tauno. Tauno na samaki, Tauno na Onni. Tangu tukiwa watoto ukiingia chumbani watu wanageuza viti wakutazame wewe.

Wewe miaka yote meza yako imejaa. Marehemu mkeo, Pertti, Henna kila kiangazi, hata huyo Onni unayemlalamikia anakuja bila kuitwa. Mimi nilikuwa na kiwanda cha nguo, kisha pensheni, kisha bingo ya Ijumaa. Na tangu theluji ya kwanza, nikawa na Jumapili.

Kuhusu ukuta sina la kuandika.

Ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya Machi, saa nne kwako, saa tatu kwangu. Acha mlango wazi. Ukitaka kuufunga kwa sababu ya Onni, ng'oa mbao za upande wa jiko tu, toa ile karatasi, rudisha mbao. Kuta nyingine ziache, utapata baridi.

Nimemwambia Henna kwamba mtandao wako utakuwa umepona.

Sylvi


Petäjävaara, 22 Machi

Sylvi,

Jua limerudi. Mchana theluji inadondoka kwenye paa, usiku inaganda tena. Onni amepata sangara mkubwa kwenye tundu la barafu, na anampima upya kila siku, naye kila siku anaongezeka.

Ukuta wa upande wa jiko nimeubomoa siku ile ile nilipopata barua yako. Onni alishika mbao. Karatasi nimeitoa yote, mbao zimerudi, mlango nimefunga, na vijistari vyote vimesimama kama askari. Kitandani upande wa miguuni sasa kuna baridi, nalala na soksi zako zote mbili pamoja na zangu. Na Onni haingii tena, kwa sababu hana haja. Bila ile karatasi ukuta unapitisha kila kitu. Anakaa mezani kwangu jikoni anajibu kupitia mbao.

Ubatizo tuliuona wote, kwa hiyo sikuhadithii. Ila nataka ujue nilikuona, ulikuwa kwenye kile kidirisha kidogo kona ya juu, umevaa mkufu wa mama. Mchungaji alipomwaga maji nikashika meza. Akasema Alma. Nikasema moyoni, vizuri, jina la mke wangu, hapo Henna ameniheshimu. Halafu akaendelea. Alma Sylvi.

Kahawa ilinipanda puani. Sijui kama ulisikia mtu anakohoa, ndio mimi. Miezi mitano ananipigia mimi kwanza, wewe unakula mabaki yangu, na mabaki yanaingia kwenye cheti cha ubatizo. Na Tauno? Hata kwa mtoto wa kike lingekaa, Onni amesema hivyo kupitia ukuta. Nikatazama kile kidirisha nikitaka kukukunjia uso, nikaona umefunika mdomo kwa mkono na mabega yanatikisika. Usikatae, picha ilikuwa safi. Basi nikauacha uso ulivyo.

Kwa hiyo soksi nimepata, chokoleti Onni amekula, jina umechukua. Lakini ukuta hujanilipa, na hukuuandika kwa sababu unajua una deni. Nakudai jambo dogo, na nalitaka upesi.

Jumapili iliyofuata Henna alinipigia, mtandao hauna hata chunusi. Nikamwuliza kama kule kuna joto. Akasema lipo. Akaniuliza kama huku kuna baridi. Nikasema ipo. Halafu tukaangaliana. Alikuwa ananitazama na mimi namtazama, kimya, mpaka nikadhani ameganda, nikainuka kufungua mlango. Kumbe hajaganda. Alipepesa macho. Ni sisi tulikuwa hatuna la kusema, mimi niliyeyalilia maongezi tangu Oktoba. Akasema, "Haya babu, nikupumzishe." Na najua alikwenda wapi kutoka hapo.

Niandikie mnaongea nini. Si yote, saa nzima siwezi. Mambo mawili matatu tu ya kumwuliza, yale ambayo ukimwuliza anakaa vizuri kwenye kiti na kuinua miguu. Andika kwa herufi kubwa, nitayabandika pembeni ya kioo upande ambao yeye haoni. Na uitume posta Jumatatu, iniwahi kabla ya Jumapili inayofuata.

Kaka yako,
Tauno